Kikombe Alichokirudisha Papa Lumbwe

Kalemie, Jumapili, mvua imekatika sasa hivi

Mama yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nyumba yote, kisha ule mlango wa nyuma unaolia kila ukifunguliwa. Umeamkaje? Magoti yanakuachia usingizi? Dada yangu Numbi anayekusomea asiruke mstari hata mmoja, na asisome kwa haraka kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Asome polepole, maana nami naandika polepole. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, kazi ipo. Moyo tu ndio hauko mahali pake, na sababu unaijua.

Maneno yako yalinifikia kwa dereva wa lori la mihogo. Alinikuta bandarini, akasimama chini ya mashine yangu, akaniita mbele ya wabeba mizigo wote: "Banza! Mama yako anasema hivi: ule bibi wa Bamormoni asikanyage mu nyumba ya marehemu baba yako!" Kisha akaomba maji ya kunywa. Nilishuka, nikampa maji, nikamshukuru kwa safari. Nilipopanda tena juu nililia, Mama. Nakuambia wazi, nililia, na mzigo wa saruji ukabaki unaning'inia hewani mpaka wakaanza kunipigia miluzi.

Hujawahi kuona ninapofanyia kazi, ngoja nikuonyeshe. Mashine ya kunyanyulia mizigo imesimama ukingoni mwa maji, na juu yake kuna kibanda cha vioo ambamo anakaa mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi. Asubuhi ukungu unalala juu ya ziwa na sioni meli, naona ncha ya mlingoti tu ikitembea peke yake. Baadaye ukungu unafunguka na ng'ambo inaanza kutokea, milima ya Tanzania, halafu inafutika tena. Kuna siku sijui kama nimeiona au nimeiota. Jioni wavuvi wa ndagala wanawasha taa zao, na ziwa linakuwa mji wenye mitaa ambao hakuna mtu anayeweza kwenda kuukaa. Nikiwa kule juu nakuwaza wewe mara nyingi. Mchanga mweupe wa mgodi wa Manono unanijia machoni hata pale ninapotazama maji.

Ni kutoka kule juu nilikomwona Feza. Reli inafika mpaka bandarini, unajua, na baba yake, Papa Lumbwe, ni mashinisti, ndiye anayeendesha treni ya Kabalo. Feza alikuwa anamletea chakula, amefunika sahani kwa kitambaa, amejikinga jua kwa mwavuli mweusi wenye ubavu mmoja uliovunjika. Kwa wiki nyingi nilijua mwavuli tu. Nilikuwa naungoja. Siku nilipoona uso ulio chini yake nilisahau kushusha magunia, na hilo ninakusimulia ili ucheke kidogo kabla hatujafika kwenye mambo mazito.

Sasa mambo mazito.

Papa Lumbwe ni Mtabwa wa upande wa Moba. Alifanya kazi miaka mingi Lubumbashi, na huko ndiko alikobatizwa katika dini ya Wamormoni. Waliporudishwa Kalemie hapakuwa na kanisa lao, kwa hiyo Jumapili wanakaa sebuleni kwake, yeye na mke wake na watoto na jirani wawili watatu, wanaimba bila ngoma, wanasali, wanakula mkate kipande kidogo na kunywa maji. Hiyo ndiyo siri yao yote niliyoiona. Ina kitu kama usingizi ndani yake, Mama. Pazia linapepea, mtu anasoma, kuku anapita mlangoni, hakuna anayepiga kelele. Mimi bado napiga ngoma kwenye kwaya ya parokia, usiwe na wasiwasi. Hakuna aliyeniomba niache. Feza ataenda kwao, mimi nitaenda kwetu, na tutakutana mchana kwenye sahani moja ya bukari.

Lakini redio inasema mengine. Kila mchana, wakimaliza kutangaza vifo, kuna mtangazaji mmoja hapa mwenye sauti nzuri sana, nzito, yenye huzuni. Hata akikuambia mvua itanyesha unataka kumpa pole. Huyo ndiye aliyeanza. Alisema imekuja dini ya wanaume wanaooa wanawake hata saba. Alisema wanachukua maiti na kuwabatiza. Alisema hawamjui Yesu, na kwamba wametumwa na Wamarekani kutupeleleza. Siku iliyofuata sokoni kila mwanamke alikuwa ameongeza chake, maana redio ya barabarani haihitaji betri. Wiki hiyohiyo likafika gazeti kutoka mbali, limechoka kwa safari, lenye mchoro wa mwanaume mwenye suti na wanawake wamepangwa nyuma yake kwa urefu. Nilifungiwa ndagala katika ukurasa huo. Mwanaume wa mchoro alikuwa na mafuta ya samaki usoni.

Nami nilimuuliza Papa Lumbwe, Mama. Mimi si mtoto, nilitaka kujua ninakoingia. Tulikuwa tumekaa uani kwake anachonga mpini wa jembe. Akaniambia: "Ya bibi mingi, ilikuwaka zamani kule kwa bazungu babo. Siwezi kukudanganya ku ile. Baliacha, bababu yetu hata bado kuzaliwa. Leo ukioa wa pili, banakufukuza mu kanisa." Nikamuuliza habari ya maiti. Akaacha kuchonga. "Muntu mwenye kuwa hai njo anaingia mu maji, kwa jina ya ule mwenye alikufa. Na hata ile hawafanyake hapa, ni mu manyumba yabo makubwa, mbali. Nani anachimbaka muntu? Miye naogopa hata kupita ku makaburi na treni."

Wana kitabu kingine pamoja na Biblia, hilo ni kweli, na mimi sikielewi. Nimesoma kurasa kadhaa nikasinzia. Kuhusu Yesu, wanamtaja kabla ya kula, baada ya kula, na kabla ya treni kuondoka. Na kuhusu upelelezi, niambie, Wamarekani wapeleleze nini kwa mashinisti wa Kalemie? Ndagala wetu?

Ile habari ya maiti najua hata ilikozaliwa, maana niliiona inazaliwa. Nilikuwa juu ya mashine. Papa Lumbwe alimshusha binti yake mdogo majini, pale ziwa linapoanza kuwa mto Lukuga, wote wawili wamevaa nguo nyeupe. Alimzamisha kidogo, akamwinua. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Waliofua nguo upande wa pili waliona weupe ukizama na weupe ukitoka, basi. Mtoto mwenyewe alikuwa anacheka kwa baridi, lakini kicheko hakikuvuka maji. Kufika mchana maiti alikuwa tayari redioni.

Hayo yote yalikuwa njiani yanamsubiri Mjomba Kasongo. Wewe ulimtuma kaka yako kwa heshima zote, aje kutuombea mke, na pombe ya mahindi uliyoipika kwa mikono yako, na kikombe cha Baba, kile cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu uliobanduka. Mimi ningekuwa na furaha hata kama angekuja mikono mitupu. Lakini treni ilikaa Nyunzu muda mrefu, na katika behewa lake mtu alikuwa na redio, na ile sauti ya huzuni ikamsimulia Mjomba kila kitu. Alishuka hapa stesheni akinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

Tukiwa njiani nilimwambia: Mjomba, mzee huyu hanywi pombe, si kwa dharau, ni dini yake, tuongee naye mapema. Akanijibu: "Kila mukwe anasemaka vile, mpaka kikombe kifike." Tukaendelea na njia. Wewe unamjua.

Tulipoingia sebuleni walikuwa wamekaa wanawake wanne. Mama yake Feza. Dada yake mjane kutoka Zongwe, aliyekuja kutibiwa macho. Shangazi wa Papa Lumbwe, mzee kabisa, anayesinzia. Na jirani aliyekuja kusaidia kupika. Mjomba akawatazama mmoja baada ya mwingine, nikaona midomo yake inahesabu. Akauliza kwa adabu kubwa: "Sasa, mama mukubwa wa nyumba ni nani, na badogo ni banani?" Shangazi akaamka akasema yeye ni mkubwa. Mjomba akatikisa kichwa kwa huzuni. Mwanaume huyu kumwoa hata bikizee! Na hapa lazima nicheke, Mama, nisamehe, maana mwenye kuhesabu wake za watu ni Mjomba Kasongo, mwenye nyumba moja Manono na nyingine Kabalo, na treni ya kumrudisha Kabalo kwa mke wa pili inaendeshwa na Papa Lumbwe, mwenye mke mmoja.

Wakampa maji ya mchaichai badala ya chai, maana chai nayo hawanywi. Akayanusa. Nadhani mpaka leo anaamini yalikuwa dawa.

Kisha ikafika saa ya kikombe. Unajua desturi yetu, sihitaji kukufundisha. Upande wa mwanaume unamimina, baba wa binti anakunywa mbele ya watu, na akinywa ndiyo mtoto wake ametoka. Akikataa, wageni wanajua njia ya kurudi. Mjomba akajaza kikombe cha Baba mpaka juu, akasimama, akakitoa kwa mikono miwili. Papa Lumbwe naye akasimama, akakipokea kwa mikono miwili, akakiinamia. Akakiangalia muda mrefu. Pazia lilikuwa linapepea. Nilimwona Feza mlangoni ameshika ubao wa mlango, na nikajisikia kama mtu aliye ndani ya maji anayesikia sauti za walio nje.

"Papa," Papa Lumbwe alimwambia Mjomba, "mutoto ya hii nyumba ni wenu. Kikombe hiki kiko na heshima yote. Lakini pombe, miye niliapa sikunywake tena. Munisamehe." Akakirudisha kwa Mjomba.

Mjomba hakukipokea. Mikono yake alikuwa ameiweka nyuma. Akasema: "Ile yenye balisema ku redio ni kweli. Muko bantu bengine." Akatoka. Alisahau hata kofia. Nilimkimbilia mpaka stesheni, nikamshika mkono, akanijibu jambo moja tu: "Alirudisha pombe ya mama yako." Usiku huo alilala kwa rafiki yake, asubuhi akapanda treni.

Simlaumu Mjomba. Alikuja kunipatia mke akarudi na aibu, na wewe uliyesimama jikoni siku nzima ukapewa habari kwamba jasho lako limekataliwa na watu wanaobatiza maiti. Ningekuwa wewe ningesema hayohayo uliyosema. Ndiyo sababu sina hasira nawe, nina huzuni tu.

Hasira niliipeleka kwingine. Yule mtangazaji alifika bandarini kupokea mzigo wake kutoka Kigoma. Ana kifua chembamba, sijui sauti yote ile inakaa wapi. Nikamuuliza: "Sitwayeni, ndugu raia, kwa Papa Lumbwe ulifikaka?" Akashangaa. "Kufika kufanya nini?" Habari ulipata wapi? Kwenye gazeti. Nikamwambia gazeti lilifika baada ya yeye kutangaza. Akafikiri. Akasema basi aliambiwa na msafiri mmoja, muntu wa maana sana, wa Nyunzu. Na msafiri alisikia wapi? "Si alisikia ku redio," akasema, kisha akainua macho, na mzigo wake niliouacha hewani ukawa unazunguka polepole juu ya vichwa vyetu. Nilimwalika aje Jumapili akae sebuleni, asikilize mwenyewe. Alisema atakuja. Hajaja, lakini siku hizi anapomaliza vifo anapiga muziki tu.

Hayo hayanisaidii, Mama, kama wewe umefunga mlango. Nilimwendea Papa Lumbwe nikamwambia Feza na mimi tunaweza kuoana kwa ofisa wa serikali, sisi ni watu wazima. Akanikatalia kabisa. "Sitatoa mutoto wangu aende mu nyumba yenye mama analia. Mama yako aseme ndiyo kwa kinywa yake. Bila ile, hapana." Kwa hiyo elewa ninapokaa. Redio imesema yake, Mjomba amesema yake, na Feza na mimi tunangoja neno lako peke yake. Ukisema hapana, hakuna ndoa. Ninampenda, Mama. Nimeliandika, Numbi lisome tena.

Sasa nikuambie ndoto. Juzi baada ya chakula cha mchana nilisinzia kibandani, mvua inapiga vioo, na Baba alikuwa amekaa mbele yangu kwenye usukani, ana nguo zake za mgodini, kikombe chake mkononi. Hakuwa anakohoa. Aliangalia ziwa kama mtu aliyelizoea. Akaniambia, "Kikombe ni kikavu. Ile ya mama yako iko wapi, ya leo?" Nikataka kumwambia pombe ilirudishwa, lakini alitikisa kichwa, akarudia, "Ya leo." Nikaamka, mikono yangu inanuka mizizi, ile ya jikoni kwako. Naapa, ilinuka mizizi.

Nikakumbuka harusi ya Yaya Kalonda, dada yetu mkubwa. Unakumbuka? Kifua cha Baba kilikuwa kimeharibika kwa vumbi la mgodi na daktari alikuwa amemkataza pombe hata tone. Wakwe wakaleta kikombe, Baba akakishika, asijue la kufanya, na watu wakaanza kunong'ona. Mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake. Ni wewe uliyesimama. Ulikwenda jikoni ukarudi na munkoyo uliyopika alfajiri kwa unga wa mahindi na mizizi, ile tamu ambayo haijalala, haijachacha, ile tunayowapa watoto. Ukamwaga pombe chini mbele ya wakwe, ukajaza kikombe hichohicho, ukawaambia: "Munkoyo ya leo. Akikunywa hii, amekunywa." Na hakuna aliyethubutu kukujibu. Baba akanywa akamaliza, na Yaya Kalonda akatoka.

Nilishuka kwenye mashine mvua bado inanyesha, nikaenda moja kwa moja kwa Papa Lumbwe. Nikamuuliza: munkoyo je, ile ya siku ileile? Akanitazama kama mtu niliyemuuliza kama anakunywa maji. "Ile ya batoto? Kama haijalala? Miye nilikomaa na ile tangu mutoto! Nani alisema sikunywake?" Kisha akakaa kwenye kiti chake, akafunika uso kwa kofia. Nilidhani anacheka. Alikuwa analia.

Kwa hiyo, Mama, hakuna aliyekataa mkono wako. Siku ile hatukuwa na mtu wa kusimama na kwenda jikoni. Hatukuwa na wewe.

Njoo. Usitume mtu, njoo mwenyewe. Panda lori mpaka Kabalo, na pale stesheni, kabla hujaingia kwenye behewa, tembea mpaka mbele, kwenye mashine. Utaona mwanaume mnene mwenye mvi, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Huyo ndiye. Hajui sura yako, wewe utakuwa unajua yake. Mwangalie kadiri unavyotaka. Mwangalie anavyoongea na watu wa makaa na akina mama wenye mizigo. Ukiona ni yule wa redioni, rudi nyumbani, na mimi sitakuuliza neno wala sitakulaumu siku yoyote ya maisha yangu. Ukiona ni mtu, panda. Yeye ndiye atakayekuleta, kupitia Nyunzu na Niemba, mpaka utakapoona maji.

Unga wa mahindi usibebe, tutautafuta hapa. Beba mizizi tu, ile ya kwetu, na uifunge kwa majani mabichi isikauke njiani.

Nisalimie Yaya Kalonda na mumewe fundi cherehani. Nisalimie mama mdogo anayeuza chumvi, na katekista jirani, umwambie ngoma sijaiacha. Mjomba Kasongo mpe salamu za peke yake, umwambie kofia yake iko kwangu, nimeipiga brashi, na kwamba nitamhitaji aje kukaa upande wangu, maana bila yeye sina mjomba. Numbi, asante kwa kusoma. Sasa mshike mama mkono.

Kikombe cha Baba kiko kwao. Papa Lumbwe hakuona haki kukipa mtu mwingine zaidi ya aliyekituma. Feza amekiweka juu ya kabati, kimefunikwa kwa kile kitambaa cha sahani. Anakifuta vumbi kila asubuhi. Hakuna aliyekinywea. Anasema kitu kilichokuja kutoka kwako hakiwezi kujazwa na mwingine.

Mwanao anayekungoja stesheni,

Banza